Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji na Bodi: mmenunua rasimu, mmefukuza macho

Arusha,
11 Agosti 2025

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi wa kampuni ya kanga na vitenge niliyoitumikia kwa miaka 19

YAH: MATUMIZI YA AKILI MNEMBA KATIKA CHUMBA CHA MICHORO

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla ya barua hii niliandika tatu nyingine. Ya kwanza niliikabidhi kwa mkono mwezi Februari katika ofisi ya rasilimali watu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri ndio ukawa jibu. Ya pili nilimwandikia Meneja wa Masoko mwezi Aprili, naye akanijibu kwenye simu kwa maneno manne: "Nimeipata mama, tutalifanyia kazi." Ya tatu niliielekeza kwenu wajumbe mwezi Juni, na hadi leo sijasikia hata kama ilifika mezani. Ndiyo maana nazungumza hadharani. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa wapo wenzangu ambao bado wanakula kwa jasho la pale, na kwa kuwa ninyi mnaohusika mtajitambua kabla hamjamaliza aya ya pili.

Niseme mapema, ili pasiwepo wa kunielewa vibaya, kwamba siandiki kuilaani mashine. Mashine hii tuliiingiza sisi wenyewe katika chumba cha michoro, na naomba mnivumilie nieleze ilivyokuwa, kwa sababu katika taarifa yenu ya "mwaka wa ubunifu" habari hiyo haimo.

Mwaka juzi, kijana aliyekuwa akishughulikia rangi alikuja kazini na programu ya kutengeneza picha kwenye simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe. Tulikuwa tumekwama kwa wiki mbili na korosho. Korosho, kwa mjumbe ambaye hajawahi kuketi nasi, ni lile umbo lenye mkia uliopinda ambalo kanga zimelibeba tangu enzi za bibi zetu, na ugumu wake ni kwamba kila namna ya kulipanga inaonekana tayari ilishapangwa na mtu. Kijana yule akaielekeza programu, ikampa mipangilio ipatayo 40 kati ya chai ya saa nne na adhuhuri. Tukaizunguka simu ile watu sita, vichwa vimegusana. Thelathini na kitu tulizicheka. Katika mmoja, korosho mbili zilikuwa zimepeana migongo na mikia yao ikakutana juu, na katikati pakabaki nafasi yenye umbo la chungu. Mashine haikukusudia chungu, kwa kuwa haikuagizwa na wala haina jiko. Mwenzetu mmoja, mama wa Tanga, ndiye aliyenyoosha kidole akasema, "Hicho hapo katikati ni chungu, kijazeni." Tuliuchora upya kwa mkono, tukaupunguza hadi rangi nne, tukautafutia pindo. Doti zile ziliisha kabla ya Idi, na mnakumbuka, kwa kuwa mlitupigia makofi katika kikao cha mwisho wa mwaka.

Miezi mitano baadaye mlilipia huduma kubwa ya mashine ya aina hiyohiyo, na chumba cha michoro mkakifunga. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Michoro yetu ililishwa kwa mashine bila sisi kuambiwa.

Mwezi Novemba walikuja vijana wawili na skana, tukaelezwa kwamba michoro ya zamani inapigwa picha ili isiharibike kwa unyevu. Tulifurahi, na mimi binafsi niliwasaidia kupangusa vumbi. Makabati mawili yalimalizika, yakiwa na kazi za takriban miaka 30, nyingine za wachoraji ambao tayari ni marehemu. Ni baadaye sana tulipofahamu kwamba picha hizo zilitumika kuifunza mashine ichore kwa "mkono" wetu. Mtaniambia kwamba michoro ni mali ya kampuni. Sitabishana nanyi kuhusu umiliki wa karatasi, kwa maana mwanasheria wenu analipwa kunishinda katika hilo. Ninachouliza ni kwa nini, kama haki ilikuwa yenu waziwazi, mlituambia habari ya unyevu.

Jambo hili si letu peke yetu. Stable Diffusion, moja ya programu za kutengeneza picha zilizoanzisha wimbi hili mwezi Agosti 2022, ilifunzwa kwa picha zilizochukuliwa kutoka katika hazina inayoitwa LAION-5B, yenye jozi zipatazo bilioni 5.85 za picha na maelezo zilizokusanywa mtandaoni, na wenye picha hawakuulizwa. Kampuni ya picha ya Getty Images ilikwenda mahakamani kwa jambo hilohilo mwaka 2023. Lakini kampuni zile za ng'ambo zina angalau kisingizio kwamba hazikujua wenye picha wako wapi, ilhali sisi tulikuwa chumba cha pili kutoka ofisi yenu, mlango wa kushoto.

2. Kazi inayotoka sasa ina kasoro ambazo mngezijua kama mngemuuliza mtu mmoja tu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hasara ilipo.

Nilinunua doti moja ya msimu huu katika Soko la Kilombero hapa Arusha kwa fedha yangu. Nimeitandaza kitandani ninapoandika. Kwa mbali inavutia kweli, na rangi zake za zambarau na dhahabu zinakamata jicho. Nikisogea, naona kwamba pindo la upande mrefu lina korosho kumi na moja na nusu. Ile nusu imekatwa kwenye kona kama embe lililopitiwa na kisu, na pindo la upande mfupi linapofika hapo halikutani na chochote. Kanga ina sehemu tatu, nazo ni pindo, mji na jina, na kazi ngumu kuliko zote ni kona ambapo mapindo mawili yanakutana, kwa kuwa hapo hesabu lazima itimie. Mashine za namna hii huanza na chengachenga za nukta zisizo na maana, kisha huziondoa hatua kwa hatua kuelekea picha inayofanana na maelezo iliyopewa. Inajua korosho huwa karibu na nini, lakini haihesabu korosho. Fundi mwenye rula angeirekebisha kwa dakika 20.

Rangi nazo zina kisa chao. Kitambaa huchapwa kwa fremu moja kwa kila rangi, na kila fremu ni gharama. Mashine hutoa picha yenye mivuli isiyo na idadi, na sasa nasikia mtu wa kiwandani anaibana mivuli hiyo iingie katika fremu tano, akikisia. Ndiyo maana dhahabu ya kwenye katalogi yenu imekuwa tope kwenye kitambaa.

Jina, yaani maneno yanayochapwa kwenye kanga, nimeliacha hadi mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi.

Jina la kanga halikuanza jana. Wafanyabiashara wa pwani walianza kuchapa maneno kwenye kanga mwanzoni mwa karne iliyopita, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa hizi tunazotumia leo, na tangu hapo mwanamke ameweza kusema kwa nguo lile asiloweza kulisema kwa kinywa. "Mdhaniaye ndiye siye" haisemwi hewani. Mvaaji anamjua anayepaswa kuisoma, na msomaji naye anajijua. "Japo sipati tamaa sikati" ina mtu nyuma yake na mtu mbele yake. Katika majina kumi na mawili ya msimu huu, yaliyoandikwa na mashine na kupitishwa na ofisi ya masoko, saba yana neno "upendo" na manne yana neno "safari". Doti iliyo kitandani kwangu imeandikwa UPENDO NI SAFARI NZURI YA MAISHA. Nimejaribu kumfikiria mwanamke anayeivaa hiyo apite mbele ya nyumba ya mtu, nikashindwa. Mama aliyeniuzia, ambaye amekaa na biashara ya kanga kuliko umri wa ndoa yangu, aliitazama akasema, "Hii imeandikwa na mtu asiye na jirani."

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science Advances uligundua kitu kinachoshabihiana na maneno ya mama huyo. Watu waliopewa mawazo na mashine kabla ya kuandika hadithi fupi waliandika hadithi ambazo, moja moja, wasomaji walizipenda zaidi. Lakini hadithi hizo zilifanana zenyewe kwa zenyewe kuliko za wale walioachwa wabuni peke yao. Kwa anayeuza sabuni huenda hilo halina neno. Kwa anayeuza kanga, ambaye mteja wake anarudi kutafuta neno ambalo jirani hana, kufanana ndiyo hasara yenyewe.

3. Mmeita kupunguza gharama kwa jina la ubunifu.

Katika taarifa yenu kwa wafanyakazi mlieleza kwamba kampuni inayokataa akili mnemba itaachwa nyuma, na kwamba uwezo wa mashine kubuni hauna mpaka. Uwezo upo, sikatai. Machi 2016 huko Seoul, programu ya AlphaGo ilicheza na bingwa Lee Sedol mchezo wa Go, ambao ni wa kete na ubao kama bao letu ingawa kanuni zake ni nyingine kabisa. Katika mchezo wa pili, kete ya 37 iliwekwa mahali ambapo watangazaji walidhani mashine imekosea, na baadaye ikaonekana kuwa ni kete nzuri ajabu. Habari hii hupenda kusimuliwa kwenye semina, na hata kwenye semina yenu ilisimuliwa. Lililoachwa ni kwamba walioutambua uzuri wa kete ile ni watu walioshinda ubaoni maisha yao yote, na kwamba katika mchezo wa nne Lee Sedol naye aliweka kete ya 78, ambayo mashine haikuitarajia, akaushinda mchezo huo mmoja kati ya mitano. Mngemwondoa mchezaji pale mezani, kete ya 37 ingebaki kosa lisilo na wa kulisoma.

Tunao mfano wa karibu zaidi. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, lengo lilikuwa kuwarahisishia watu kurejesha mikopo midogo. Watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha, waliokuwa na mradi wakaliona hilo, wakabadilisha mpango. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania, na leo hata muuza nyanya wa Sakina analipwa kwayo. Kilicholeta mabadiliko pale ni kwamba wenye mamlaka waliwatazama watumiaji, na waliokuwa karibu na watumiaji walisikilizwa.

Sasa nawauliza: kati ya mapendekezo yetu, ni lipi mlilosikiliza? Tuliomba mashine itumike kuonyesha kanga inavyokaa mwilini kabla haijachapwa, kwa maana kanga iliyotandazwa si kanga iliyojifungwa. Tuliomba itusaidie kupanga kumbukumbu za majina yote tuliyowahi kuchapa ili tusirudie. Kijana wa rangi aliandika kurasa tatu kuhusu kuitumia katika kutenganisha rangi, kazi inayomchukua mtu siku mbili za kuumiza macho. Hayo yote yangewapa tija, na hakuna hata moja lililohitaji mtu kufukuzwa.

4. Wenzangu saba waliondolewa bila mashauriano.

Hapa sina maneno mengi, kwa sababu sheria inayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aweke wazi sababu, na kushauriana nao kuhusu njia za kuepuka upunguzaji huo au kuupunguza makali. Mtajibu kwamba hakuna aliyepunguzwa, kwamba mikataba ilikwisha tu na haikuhuishwa. Mikataba saba ya chumba kimoja, iliyokuwa ikihuishwa kila mwaka kama saa, ikafa wiki ileile ambayo huduma ya mashine ilianza kulipiwa.

5. Mmeiweka mali ya kampuni yenyewe mahali pa hatari.

Hili nalisema kwa faida yenu. Marekani, mahakama ya shirikisho mjini Washington iliamua Agosti 2023 kwamba kazi iliyotungwa na mashine peke yake, bila mtunzi binadamu, haiwezi kupewa hakimiliki, na mahakama ya rufani ikakubaliana nayo Machi 2025. Huko si hapa, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 iliandikwa kabla ya mashine hizi kuwepo. Hata hivyo, siku mshindani atakapoichapa korosho yenu kwa bei ya chini, mtakwenda kudai mkisema mtunzi ni nani? Kwa miaka yote tulikuwa tukisaini nyuma ya kila mchoro, kwa penseli, jina na tarehe.

Najua mtakalosema baada ya hapo. Mtasema kanga za kutoka nje zinaingia kwa bei ambayo hatuiwezi, na kwamba wenzetu huko wanatumia mashine hizihizi. Ni kweli, na nimeliona sokoni kwa macho yangu. Lakini kama wao na sisi tunaiuliza mashine ileile, itatupa jibu lilelile, na wao watalichapa kwa bei rahisi zaidi. Mlichokuwa nacho ambacho wao hawana ni wanawake sita wanaomjua mama wa Kilombero na wanaojua amechokozwa na nani. Mtasema pia kwamba wateja hawajalalamika. Mteja wa kanga halalamiki, Ndugu Mkurugenzi. Anaigeuza mara mbili, anaikunja, anairudisha juu ya rundo, anachukua ya pembeni. Ombeni hesabu ya mizigo iliyorudishwa na wauzaji wa jumla tangu Machi.

Kwa heshima, basi, naomba yafuatayo.

Kwanza, mtuambie kwa maandishi ni michoro ipi iliyoingizwa katika mashine, iko mikononi mwa nani sasa, na kama mwenye mashine anaweza kuitumia kwa wateja wengine. Swali hili la mwisho ni zito kuliko yote, nami nashuku kwamba hata ninyi hamjaliuliza.

Pili, mchoro wowote uliotoka katika mashine utambulishwe hivyo ndani ya kampuni kabla haujamfikia mtu wa kuurekebisha. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na miongoni mwa waliyoyapata ni haki ya kuelezwa pale wanapopewa maandishi yaliyotungwa na mashine, pamoja na haki ya kutolazimishwa kuitumia. Sisi hatujagoma hata saa moja, nasi tunaomba vivyo hivyo.

Tatu, chumba cha michoro kifunguliwe na mashine iwekwe humo ndani, mezani, si katika ofisi ya masoko. Wachoraji wachague cha kuiuliza, wachague cha kuchukua, na jina la kanga lisipite bila kusomwa na angalau watu wawili ambao Kiswahili ndicho wanachogombania na wake wenzao na majirani zao. Kijana wa rangi alipwe kwa zile kurasa tatu, kama zitatumika.

Nne, wale saba waitwe, wakae nanyi, wasikilizwe, na walipwe stahili zao. Sijiombei nafasi; mimi nina cherehani mbili hapa Njiro na wateja wa kunitosha.

Naomba majibu kwa maandishi ifikapo tarehe 15 Septemba. Yasipofika, wenzangu watalipeleka suala la ajira kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na suala la michoro tutalipeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na nakala za barua zangu tatu zitaambatishwa.

Kuna jambo moja limebaki. Kabati la tatu, lile la chuma lililo nyuma ya mlango, skana haikulifikia kwa sababu ufunguo wake nilikuwa nao mimi na hakuna aliyeniuliza. Humo mna michoro ya mchoraji wetu wa kwanza, pamoja na daftari la majina ambayo hayakuwahi kuchapwa, mengine kwa sababu yalikuwa makali mno. Sina haki ya kukaa na ufunguo huo, nao nimeukabidhi kwa mlinzi wa getini Ijumaa iliyopita, ndani ya bahasha, akanisainia. Juu ya bahasha nimeandika kwamba lifunguliwe mbele ya wachoraji.

Wenu katika kazi,

Aliyekuwa Mchoraji Mkuu, Chumba cha Michoro

Nakala: Wafanyakazi wote wa chumba cha michoro, waliopo na walioondolewa